Benzi la Magamba, Benzi la Irente

Dar es Salaam
Jumatatu, 29 Machi 1993

Mdogo wangu Salama,

Bwana Brandt, yule Mzungu anayetafuta magari ya zamani, amesema jana mchana, mbele yangu na mbele ya mhudumu wa hoteli anakolala, kwamba atanunua Benzi moja tu kati ya mawili aliyoacha baba, na analolitaka ni la zamani, la mwaka 1962. La 1968 halitaki. Nilimuuliza tena ili nisimnukuu vibaya, akarudia vile vile.

Sababu zake ni hizi. Magari yote mawili yana umbo moja: milango miwili, viti vinne, paa la turubai la kukunja. Kiwanda hakikubadilisha umbo kwa miaka mingi. Kilibadilisha ya ndani. La 1962 lina injini ya lita mbili nukta mbili, breki za ngoma kwa nyuma na rimu ndogo. La 1968 lina injini ya lita mbili nukta nane, breki za diski pande zote, rimu kubwa zaidi, na viti vya mbele vina mito ya kuegemeza kichwa. Jipya linakwenda kasi na linasimama upesi. Hata hivyo wakusanyaji wa kwao wanalitafuta la zamani, mradi liwe halijachezewa. Neno hilo, "halijachezewa", amelirudia kuliko mengine yote.

Ninavyojua mimi, la 1962 baba alilinunua kwa yule Mgiriki wa mkonge mwaka 1976, akalitoa kwa mama yangu, nyumba ya Magamba. La 1968 alilinunua kwa ofisa wa ubalozi aliyekuwa anarudi kwao, mwaka 1989, kabichi na matunda ya plamzi yalipoanza kumlipa enzi hii ya ruksa, akalitoa kwa mama yako, nyumba ya Irente. Alitoa akiwa hai, mbele ya mashahidi, kwa hiyo halina mjadala. Linalouzwa ni la kwetu. La kwenu linabaki kwenu. Mama naye alinitumia salamu kwa mdomo wa Yohane, kondakta wa basi, kwamba nilishughulikie gari lake. Nimelishughulikia. Nimempa Brandt mkono.

Nimechukulia kwamba lililo juu ya mawe uani kwa fundi wetu Mzee Tobia ndilo la zamani, kwa kuwa ndilo lililokufa, na kwamba unaloendeshea harusi ndilo jipya. Hili sijalithibitisha. Mama zetu wako edani mpaka tarehe 14 Mei, hawawezi kutoka kwenda kuangalia, na Mzee Tobia hawezi kuingia kwao kuwauliza. Nenda wewe. Soma kibati cha namba chini ya boneti, angalia injini, angalia breki. Niandikie ulichokiona, si ulichosikia.

Kaka yako,
Abubakari


Irente
Jumapili, 4 Aprili 1993

Kaka Abu, shikamoo.

Barua yako nimepewa na Yohane nikiwa Soni na harusi. Nilikuwa nimeegesha mbele ya msikiti, paa limekunjwa, na akina baba wamenizunguka kama kawaida yao. "Huyu ndiye dereva? Bibi harusi aandike wosia kwanza!" Nikawaambia wosia waandike wake zao, maana wao ndio wanaopanda na waume wasiojua kurudi nyuma. Wakacheka wakanipisha. Tangu Idi ipite sijapumzika, na Pasaka ikishapita wataanza Walutheri wa Mlalo. Mama na wadogo zangu wanakula kwa usukani huu. Nakukumbusha kwa sababu barua yako ilieleza habari za breki mpaka mwisho, lakini hili haikuligusa.

Haya, nilichokiona. Jana nimeingia uani kwa Mzee Tobia nikayaweka yote mawili ubavu kwa ubavu. Kwanza, yote ni meupe kama maziwa. Unalikumbuka la kwenu likiwa jekundu lililokoza na la kwetu bluu? Sahau. Baba aliyapaka. Nyuma kwenye buti hakuna maandishi ya modeli, kuna vitundu tu. Namba za barabarani zisikusumbue, maana leseni ya barabara ililipiwa gari moja, na namba zilikuwa zinafunguliwa kwa bisibisi kufuata gari linalotoka.

La juu ya mawe: kibati kinasema 220, la 1962. Injini ndogo. Nikasema basi, Kaka Abu amepatia. Kisha nikaona lina mto wa kichwa kwenye kiti cha dereva, na kiti cha pili hakina. Magurudumu wameyatoa, yamelala kando: mawili madogo, mawili makubwa. Dashibodi ni mpya. Mlango wa kulia ukiusukuma kidogo unafunga wenyewe, wa kushoto mpaka uubamize.

Ninaloendesha: kibati kinasema 280, la 1968. Injini kubwa, hilo najua, linapanda kutoka Soni kama halina watu. Lakini mto wa kichwa uko kiti cha abiria tu. Dashibodi ni ya mbao ya zamani, ile tuliyokuwa tunaikwangua kwa kucha tukiwa wadogo na baba anatupiga makofi ya mikono. Mlango wa kushoto unafunga wenyewe, wa kulia mpaka uubamize.

Nikamuuliza mama, "La kwetu ni lipi?" Akasema, "Linalotembea. Baba yako aliniambia mwenyewe." Nikapanda Magamba nikamuuliza Mama Mkubwa. Akasema, "Linalotembea. Baba yenu aliniambia mwenyewe." Sauti ile ile, Kaka, mpaka nikaogopa.

Mama Mkubwa nilipomtaka alama akasema la kwake honi inalia kama beberu. Mama anasema la kwake paa likifungwa linatoa mlio kama wa kufuli. Ninaloendesha linalia kama beberu, na paa lake linafunga kwa mlio wa kufuli.

Sasa niambie wewe uliyesoma, mwandishi wa gazeti.

Mdogo wako,
Salama


Magamba
5 Aprili 1993

Kwa mwanangu Abubakari.

Baba, hujambo? Mimi ni mzima, edani. Anayeniandikia ni Secilia, jirani. Naandika kama anavyosema, mwenyewe nimeongeza nukta tu. Secilia.

Salama alikuja juzi kuniuliza gari langu lina alama gani, kama mtu aliyeokota mbuzi njiani. Gari langu nalijua. Sina haja ya alama. Haja yangu ni moja: litoke Irente. Zamu yangu ilikuwa ianze Ijumaa ile tuliyokuwa matangani, baba yenu hana hata siku tatu kaburini. Nikanyamaza, nikasema watoto wamefiwa. Ijumaa ikapita, na nyingine, Ramadhani ikaja ikaisha. Gari linapita barabarani chini ya nyumba yangu na mabibi harusi wa watu, linapiga honi, haliingii.

Yohane nilimwambia akuambie ulishughulikie. Amerudi anasema kuna Mzungu. Mzungu simjui. Kama ni wa kukusaidia kulitoa Irente, mpe chai.

Kula vizuri. Dar kuna joto, usilale na dirisha wazi.

Mama yako,
Saumu


Dar es Salaam
Jumatatu, 12 Aprili 1993

Mzee Tobia, shikamoo. Pole na shughuli za Pasaka.

Nimepata taarifa mbili kuhusu magari ya marehemu baba na hazikubaliani. Salama amesoma vibati: la juu ya mawe ni la 1962, linalotembea ni la 1968. Lakini vifaa alivyoviona humo havifuati vibati. Mama yangu ametaja "zamu" ya gari. Sikuwahi kusikia gari lina zamu.

Wewe ndiye uliyeyatengeneza tangu mwanzo. Naomba unijibu kwa maandishi: la 1962 ni lipi, limebadilishwa nini, na kwa amri ya nani? Mnunuzi anasubiri na nimeshampa mkono.

Mwanao,
Abubakari Mntangi


Lushoto
18 Aprili 1993

Mwanangu Abubakari,

Marahaba. Pasaka ilikuwa njema, tulipata mvua.

Amri ilikuwa ya baba yako. Baada ya lile la pili kuja, siku moja alifika gereji, akakaa juu ya tairi, akasema, "Tobia, nyumbani hakukaliki. Mke mkubwa anasema gari lake linahema Soni, la mwenzake halihemi. Dini yangu inanitaka nilinganishe. Nikinunua kanga hapa, ninunue na pale." Nikamwambia, "Mzee Ibrahimu, magari si wake." Akanijibu, "Magari yako kwa wake."

Basi nikatoa ile injini kubwa nikaiweka kwenye la Magamba, na ndogo nikaipeleka kwenye la Irente. Haukupita muda akarudi. Irente wanasema sasa wao ndio wanaohema. Nikawaachia dashibodi mpya iliyokuwa ya kwao, na Magamba wabaki na mbao, maana mama yako anaipenda. Mito ya kichwa ilikuwa miwili, mmoja mmoja. Rimu kubwa mbili huku, mbili kule. Milango nayo, kwa kuwa ya lile jipya ilifunga vizuri, kila nyumba mlango mmoja. Breki za nyuma nilizihamisha na ekseli zake, nikazirudisha, kisha akasema hamisha tena. Nilimwambia gari likichanganywa namna hii halisimami sawa. Akasema wake zake nao hawasimami sawa, lakini hakuna atakayesema amepunjwa.

Ukitaka kusikia langu: la zamani lilitengenezwa na watu waliodhani dereva ana muda. Bati nene, mbao, vyuma unavifungua kwa mkono na kuvifunga kwa mkono. Jipya lina nguvu na breki, lakini ukikosea kitu kimoja linakasirika lote. Baba yako aliyachanganya mpaka la zamani likawa na haraka na jipya likawa na uvivu.

Mwisho tukayapaka rangi. Tuliyavua yote mpaka mabati. Vibati vya namba nikavitia ndani ya kopo la oili nisivipoteze. Siku ya kuvirudisha baba yako akasema nisubiri. Akafumba macho, akaingiza mkono, akatoa kimoja akakipiga kwenye gari lililokuwa karibu yake. Akasema Mtume alikuwa akipiga kura kati ya wake zake akitaka kusafiri na mmoja. Mimi ni Mlutheri, sikuwa na la kubishana. Akaniambia, "Kuanzia leo hakuna la kwanza wala la pili." Akafurahi sana siku ile. Alininunulia soda.

Sasa unaniuliza la 1962 ni lipi. Sijui. Nilijua mpaka siku ile ya rangi. Tuliyasukuma nje, tukayaingiza, mvua ikaja, tukayasukuma tena. Nikiangalia leo, upande mmoja naona hili, upande wa pili naona lile.

Zamu ni ya baadaye. Moja lilikufa pampu ya petroli na pampu haipatikani. Likabaki moja linalotembea. Baba yako akapanga wiki Magamba, wiki Irente, kila Ijumaa baada ya sala linahama pamoja naye. Alifariki akiwa Irente, na gari lilikuwa Irente. Yeye alitoka. Gari halikutoka.

Wako,
Tobia


Dar es Salaam
Jumamosi, 24 Aprili 1993

Mdogo wangu Salama,

Mzee Tobia amethibitisha kwa maandishi kwamba vibati ulivyovisoma havina maana. Baba alivipigia kura. Nakuambia hivi bila kuongeza kitu.

Kuna jambo la pili, na hili nimelipata kwa watu wawili waliolisema kila mmoja kivyake: gari linalotembea lilikuwa la zamu, na zamu iliyofuata baada ya kifo cha baba ilikuwa ya Magamba. Barua yako ilikuwa ndefu, ilinieleza milango na honi. Zamu haikuitaja. Najiuliza kwa nini.

Nimemweleza Brandt. Hakushtuka. Amesema kiwanda hugonga namba nyingine kwenye chuma chenyewe cha fremu, mbele, na kwamba rangi huifunika lakini haiifuti. Anachohitaji ni msasa na dakika chache. Namba ikionekana, mwaka utajulikana. Injini na vitu vingine atavirudishia mwenyewe, kila kimoja mahali pake.

Kwa hiyo hali ni hii. Ikiwa la 1962 ni la juu ya mawe, analichukua na wewe unaendelea na kazi. Likiwa ni hilo unaloendesha, basi ni la nyumba ya Magamba na nimeshalitolea mkono. Sijui ni lipi. Nimeuliza watu wanne na nimepata majibu matano.

Brandt atapanda huko mwanzoni mwa Mei. Mpaka atakapofika, mtu yeyote asikwangue rangi. Hata wewe.

Kaka yako,
Abubakari


Irente
Jumamosi, 1 Mei 1993

Kaka Abu, shikamoo.

Barua yako ya tarehe 24 nimeipata juzi Alhamisi. Mzungu wako aliitangulia. Alifika Jumatano, mimi nimelipeleka gari kwa Mzee Tobia kufunga kamba ya breki, namkuta mtu mrefu amelala chini ya lile la mawe, miguu nje. Mzee Tobia amesimama kando na kitambaa mkononi kama mwenye msiba.

Nikamwuliza, "Mzee, huyu ameruhusiwa na nani?"

"Anasema na kaka yako."

Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa ameshamaliza. Alitoka na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Lile la juu ya mawe, namba iliyogongwa kwenye chuma ni ya 1968. Kibati kinasema 220, chuma kinasema 280. Akaangalia gari langu. Sikuwa na haja ya msasa, Kaka. Yakiwa mawili na moja limejulikana, la pili limejulikana. Ninaloendesha ndilo la zamani. Ndilo la kwenu.

Akaomba nifungue boneti. Nikafungua. Alipoona ile injini kubwa imekaa humo akatoa neno la kwao. Mzee Tobia akasema, "Hilo hata bila mkalimani tumelielewa." Kisha akatulia, akapigapiga bodi kwa kiganja, akasema kwa Kiswahili chake kwamba mwili ni mzuri sana, injini atarudisha ile ndogo, na lori litakuja kulichukua Jumatatu tarehe 10. Akanionyesha mkono wake wa kulia, akasema, "Abubakari." Kwamba ulimpa mkono.

Sasa kuhusu zamu. Uliuliza kwa nini sikuitaja. Sikuitaja kwa sababu ningeitaja ungeliondoa. Ulitaka niseme nini? Baba kafa Jumatano, Ijumaa kulikuwa na watu wa matanga, Ijumaa ya pili nilikuwa na harusi, Ijumaa ya tatu nikaona aibu kwa kuwa ya pili ilishapita. Mama Mkubwa haendeshi. Wewe uko Dar. Nikasema litakaa bure chini ya ukuta wa Magamba, likipigwa ukungu, na sisi tutakula nini? Kila nilipopita chini ya nyumba yake nilipiga honi kama salamu. Naambiwa alisikia vingine.

Jana Ijumaa, baada ya sala, nililipeleka mwenyewe. Nilishasema moyoni, namba imetoka, gari si la kwetu, afadhali nilikabidhi mimi kuliko kuchukuliwa na lori. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, nikapanda na taa. Nikaliingiza uani, nikazima, nikachukua ufunguo, nikaingia.

Mama Mkubwa alikuwa jikoni anasonga ugali wa bada. Hakugeuka.

"Umelileta," akasema.

"Nimelileta, Mama Mkubwa. Shikamoo. Mzungu amekwangua rangi. Ni la kwako."

"Nani aliuliza ni la nani? Mimi niliuliza zamu."

"Zamu haitakuwepo tena. Kaka Abu ameliuza."

Akaacha mwiko. "Ameuza nini?"

"Hili. La 1962. Lori linakuja tarehe 10."

"Nilisema litoke Irente lije Magamba. Litoke Irente liende Ulaya, nilisema mimi?" Akamwita Secilia kupitia dirishani. "Secilia! Uliandika nini kwenye ile barua?" Secilia akajibu kutoka kwake, "Niliandika kama ulivyosema, Mama Abu!" "Basi kasomewa na nani?"

Nikamwambia tena kwamba ni haki yake, namba imeonekana, la kwanza ni la Magamba, akitaka kuuza auze. Nilisema hivyo kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo, na sikuwa na kingine. Akanikazia macho.

"Wewe Salama. Baba yako naye alikuwa wangu kwanza. Alipomwoa mama yako nilienda kumdai kwa namba? Tukagawana Ijumaa kwa Ijumaa miaka yote hii, mtu mzima mwenye pumzi na kelele zake usiku. Leo nishindwe kugawana bati?"

Nilikaa kwenye kigoda.

"Mlalo unafika na hili?" akauliza.

"Nafika."

"Na mvua hii?"

"Nafika, Mama Mkubwa."

"Wiki ya zamu yangu akitokea mtu ana harusi, nani ataendesha?"

"Ukitaka, mimi."

"Kwa hiyo dereva ni mmoja." Akachukua mwiko tena. "Mimi nilidhani unataka kuninyima."

"Nilitaka," nikasema.

"Najua. Nawa mikono ule."

Nikala. Leo Jumamosi nimeendesha harusi ya binti wa Yusta, Mlalo, kwa zamu ya Magamba, na kesho asubuhi nitapita kwa Mama Mkubwa kumpa sehemu yake. Ijumaa ijayo baada ya sala linarudi Irente. Mama nimemweleza. Aliuliza tu kama Mama Mkubwa ana sukari.

Kuhusu mkono uliompa Brandt, Mama Mkubwa amesema umrudishie, ni wa kwako. Amesema pia usimwandikie, uje umwambie usoni nani alikutuma kuuza. Mimi sijui utamjibu nini. Na lori la tarehe 10 likija, mimi ndiye nitakayesimama mbele yake. Niambie mapema kama ni lazima.

Mdogo wako,
Salama


Dar es Salaam
Alhamisi, 6 Mei 1993

Mdogo wangu Salama,

Bwana Brandt amesema leo saa nne asubuhi kwamba lori la tarehe 10 amelifuta. Nilikwenda mwenyewe hotelini kumweleza. Nilimwambia mwenye gari ni mama yangu, kwamba hakuniagiza kuuza, na kwamba mkono niliutoa kabla ya kumuuliza. Alisema katika nchi yake mtu wa namna yangu hapewi kazi ya gazeti. Nilimwambia hapa pia huwa tunaonywa.

Akaniuliza kama basi tunaweza kumwuzia la juu ya mawe, alitoe vipande vya kutengenezea mengine. Hilo ni la nyumba ya Irente na si langu kulijibia. Nimemwambia aulize huko. Amesema hapandi tena Lushoto, anakwenda Moshi, kuna mtu amemtajia gari jingine. Iwapo lori litatokea hata hivyo, mwonyeshe dereva barua hii. Sahihi yangu inatosha kumrudisha Mombo.

Nimejaribu kuandika yote haya kwa mpangilio ili niyaelewe. Chuma kinasema moja, kibati kinasema jingine, injini ni ya huku, mlango ni wa kule, na kila mmoja wa mama zetu alielezwa ukweli na mtu mmoja ambaye hayupo wa kuulizwa. Nimeshaandika habari za wizara zilizonichanganya kidogo kuliko hii. Nimeiacha. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba gari moja linatembea na dereva wake ni wewe. Nilikuandikia kana kwamba unaficha mali ya mtu. Hukustahili barua ile peke yako. Nusu yake ilikuwa yangu.

Mwambie Mzee Tobia arudishie rangi pale palipokwanguliwa, kabla kutu haijaanza. Namba ifunikwe.

Mama zetu wanatoka eda Ijumaa tarehe 14. Nimeomba ruhusa kazini na nimekata tiketi. Basi linanishusha Mombo saa nane mchana, na kufikia wakati huo sala itakuwa imeshasaliwa, kwa hiyo zamu ni ya Magamba. Niombee kwa mama yangu, kama anaruhusu gari lishuke kunichukua. Akikataa nitapanda basi dogo, na nitakuwa mlangoni kwake kabla ya magharibi.

Kaka yako,
Abubakari